Muulize Fundi: Taa tatu za nje na koridoni zinakula kuliko taa za vyumba sita

Mwezi huu meseji karibu zote ni za taa. Sishangai, maana tulianza na globu, tukaja enaji seva, saivi ukiingia duka lolote la vifaa vya umeme unakutana na LED mpaka mlangoni, na kila mtu ameshanunua moja mbili akafunga na akapata la kuuliza. Nimechagua sita, nyingine zinafanana sana na hizi kwahiyo kama hujaona ya kwako soma tu, jibu lako limo humo humo.

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi wapangaji sita Tabata, LUKU moja, kila mwezi tunachanga elfu kumi kumi inakuwa sitini na bado siku za mwisho tunalala giza. Kila mtu anamtuhumu mwenzie, mara huyu ana friji, mara yule anapiga pasi usiku. Mimi chumbani nina enaji seva moja, tivii na feni. Taa za nje mbili na ya koridoni ni globu za mwenye nyumba, zinawaka usiku kucha kwa ajili ya usalama. Je tukiweka LED itasaidia au ni maneno ya wauza taa? (Mpangaji aliyechoka kusuluhisha)

JIBU: Marahaba. Kabla hamjakamatana mashati kwa ajili ya friji hebu tukae kwenye hizo globu tatu kwanza. Nilikuuliza kwa meseji ukaniambia ya mbele ni wati 100, ya nyuma 60 na ya koridoni 60, zinawashwa saa kumi na mbili na nusu jioni na anayewahi kuamka ndio anazima. Jumla ni wati 220 kwa masaa 12. Hapo kwa usiku mmoja ni uniti 2.64, kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 79.

Sasa angalia hiyo 79 vizuri. Ile bei ya chini ya TANESCO, ya D1, ambayo buku linakupa uniti 8 na point, ni kwa nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Yaani taa zenu tatu peke yake, hata kama nyie wote sita mngesafiri mkafunga vyumba, zingeivusha nyumba nje ya D1! Nyie mko kwenye ile nyingine, ya kawaida, buku unapata uniti 2.8, ukiweka na makato yake ni kama shilingi 356 kwa uniti moja. Zidisha mara 79 unapata elfu ishirini na nane na kidogo. Katika ile sitini yenu karibu nusu inaangaza ukuta wa jirani.

Taa za vyumba vyenu sita hata nikikadiria kila mtu ana enaji seva ya wati 15 inayowaka masaa matano ni uniti 13 na nusu kwa mwezi, basi. Kwahiyo hapo anayetakiwa kuitwa kwenye kikao sio mwenye friji.

Mkiweka LED ya wati 14 mbele, halafu 9 nyuma na 9 koridoni, mwanga utakuwa ule ule au unakaribiana kabisa, ila mtatumia uniti 11 na nusu. Mmeokoa uniti 67, ni kama elfu ishirini na nne kila mwezi, gawa kwa sita kila mtu amepata elfu nne yake. Hizo taa mwezi wa kwanza tu zimesharudisha hela yake na chenji.

Suala la nani anunue, mimi ningewashauri mchange nyie wala msimsubiri mwenye nyumba maana yeye LUKU hanunui, haumwi popote. Ila mkitoa zile globu zake msizitupe, zifungeni kwenye gazeti muweke sehemu, siku mnahama mnarudisha za kwake mnaondoka na za kwenu, hakuna kesi. Na kwa kuwa mmegusia LUKU, ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi hiyo ni ya mwenye nyumba kisheria, mkae nae vizuri muielewane kwenye kodi ya pango. Sijasema mgombane.

Enaji seva zenu za vyumbani ziacheni mpaka zife zenyewe. Kutoka wati 15 kwenda 9 kwa masaa matano kwa siku unaokoa chini ya uniti moja kwa mwezi kwa taa moja, haina haraka. Watu wengi wanakosea hapa, wanaanza kubadilisha sebuleni kwa kuwa ndio wageni wanapaona, ile ya uani inayokesha wanaiacha.

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mstaafu niko Korogwe. Mwanangu kaniletea taa za LED kutoka Dar nimefunga. Usiku nikizima, ile ya chumbani haizimi kabisa, inabaki na mwanga hafifu sana kama jicho la paka, na ya koridoni inawaka na kuzima yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa. Mama watoto anasema ndani humu kuna mambo, ameshaita watu wa dua. Globu za zamani hazikuwa na tabia hii.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Dua ni jambo jema iendelee, ila na fundi nae aitwe.

Kinachotokea mara nyingi ni hivi. Kwenye nyumba iliyofungwa sawasawa, swichi inakata waya wa moto, ukizima basi kwenye holda hakuna umeme kabisa. Sasa nyumba nyingi za zamani, na mpya nazo zipo tu, fundi alipitisha nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya waya wa moto. Taa inawaka na kuzima kama kawaida, hakuna anayegundua, lakini ukizima umeme bado umesimama pale kwenye holda unasubiri. Kiasi kidogo sana kinavuja kupitia nyaya zenyewe zilivyolala pamoja ukutani. Globu ilikuwa inahitaji umeme mwingi ndio iwake, hicho kidogo ilikuwa haikioni. LED hata tone inalionyesha. Hiyo inayokonyeza ni kwamba ndani ina kapasita inajaza kidogo kidogo, ikijaa inamwaga taa inamulika, inaanza kujaza tena.

Kwahiyo taa sio mbovu mzee, taa huenda imekufichulia kosa lililokuwepo miaka yote. Na kosa lenyewe sio la kuchekea, kwa sababu mtu anayezima swichi akapanda kwenye stuli kubadilisha taa akijua kazima kumbe moto uko pale pale anaweza kupigwa shoti mbaya. Mpaka fundi atakapokuja naomba yeyote anayegusa holda hapo nyumbani azime meini swichi kwanza.

Fundi akija asiishie kwenye taa hizo mbili. Azime meini, afungue kila swichi, kisha awashe apime kwa testa ajue upi ni wa moto. Rangi zisimdanganye, nyumba za zamani wa moto ni mwekundu na nyutro mweusi, za saivi wa moto ni kahawia na nyutro ni bluu, na kuna mafundi walifunga kwa waya wowote uliobaki kwenye boksi. Ila kabla ya yote hayo naomba uangalie kitu kimoja, kama swichi ya chumbani ina kile kitaa chekundu kidogo cha kukuonyesha gizani swichi ilipo, basi kwa ya chumbani huenda ni hicho tu, nacho kinapitisha umeme kidogo kwenda kwenye taa. Weka swichi isiyo na kitaa umemaliza. Mama mpe salamu zangu.

SWALI: Fundi hizi LED zinazosemwa zinakaa miaka kumi na tano ni zipi? Mimi nanunua elfu mbili, miezi miwili imekufa, nanunua nyingine imekufa. Nimeweka kwenye zile taa za dari za kibakuli cha kioo. Bora enaji seva zangu. (Wa Mwanza, Nyegezi)

JIBU: Kaka hapo una mambo mawili yamekutana, taa yenyewe na hilo bakuli.

Wiki iliyopita kuna mteja aliniletea mfuko wa LED zilizokufa nikachukua moja nikaifungua mezani. Ukitoa lile kava jeupe la juu unakuta kisahani kina vidoti vya njano, ile yake ilikuwa na 12. Vidoti 11 vizima kabisa, kimoja kina kidoa cheusi katikati kama kimechomwa na sindano. Vimeunganishwa kwa mstari mmoja, kikifa kimoja wote giza. Nikafungua nyingine, hiyo vidoti vyote vizima ila chini kwenye shingo kile kikapasita kimevimba kichwani. Zote mbili zimeuliwa na joto. Watu wanasema LED haina joto, si kweli, haina joto kwa mbele unakotoka mwanga lakini kule shingoni lipo na lina kazi ya kutoka. Ukiifungia ndani ya bakuli la kioo lisilo na hata tundu, limebanwa na dari, juu kuna bati na jua la Mwanza, joto litatokea wapi? Inajipika.

Tafuta LED iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inafaa kwa taa za kufungiwa, au acha hilo bakuli bila kulikaza mpaka mwisho, au weka wati ndogo zaidi. Na siku unanunua usiulize wati, uliza lumeni. Wati ni inachokula, lumeni ndio inachotoa. Globu ya 60 ilikuwa inatoa kama lumeni 800, LED nzuri inatoa hizo kwa wati 8 au 9. Ukiona boksi limeandika kwa maandishi makubwa wati 15 halafu lumeni hakuna popote, hilo boksi linaficha jambo. Ishike mkononi, nyepesi sana kama yai tupu maana yake hawakuweka ile bati ya ndani ya kutoa joto. Mwambie muuzaji aijaribu pale pale, ielekezee kamera ya simu, ukiona mistari myeusi inapita pita kwenye skrini jua mwanga wake unatetemeka, achana nayo. Alama ya TBS iangalie pia.

Halafu ufanye ninachofanya mimi, nikifunga taa naandika tarehe kwenye shingo yake kwa maka peni. Nilianza tabia hii baada ya kupigwa, nilinunua katoni zima duka fulani nikaambiwa waranti mwaka mmoja, zikaanza kufa moja moja narudi naambiwa hizi umenunua zamani, sina ushahidi. Saivi naweka risiti na tarehe ipo mwilini mwa taa.

Hiyo miaka kumi na tano unayosema inatoka kwenye saa 25,000 zinazoandikwa kwenye boksi. Ukiwasha masaa matano kwa siku inakuja kama miaka 13 hivi na ushee. Ukikesha nayo masaa 12 haifiki sita. Na hiyo ni kwa taa ya kweli, sio ya elfu mbili kwenye bakuli.

SWALI: Nimebadilisha taa zote nyumbani kuwa LED lakini sebule imekuwa kama wodi, mume wangu anasema hata chakula hakina hamu. Nirudishe za zamani? (Dada wa Dodoma)

JIBU: Hapana dada, umenunua rangi tu isiyofaa. Kwenye boksi kuna namba ina herufi K mwishoni. 6500 ni ule weupe unaokaribia bluu, mzuri jikoni unapochambua mchele na kwenye meza ya mtoto wa shule, ila ukiuweka juu ya pilau unaliona kama la juzi. 3000 au 2700 ndio ule wa njano njano kama globu. Sebuleni na vyumbani weka huo. Bei haitofautiani na umeme unaokula ni ule ule, watu wetu wamezoea tu kwamba nyeupe zaidi ndio yenye nguvu zaidi. Na ule wa njano kwenye baraza wadudu wanaufuata kidogo kuliko mweupe, kumbikumbi wakianza utanikumbuka. Hizo nyeupe zako usitupe, hamishia jikoni, bafuni na stoo.

SWALI: Nyumba nzima LED lakini LUKU bado inakimbia. Mmetudanganya. (Msomaji, Mbezi)

JIBU: Una hita ya kuogea? Zile za papo kwa papo za bafuni nyingi ni wati 5,000. Watu wanne, dakika kumi kumi kila mmoja, ni uniti 3.3 kwa siku, kwa mwezi ni 100. Pasi ya wati 1,200 ukinyoosha kwa saa nzima, kwa umeme huo huo LED ya wati 9 ingewaka masaa 133. LED imefanya kazi yake bwana, ni kwamba taa haikuwa ndio mlaji wako. Zima hita ununue LUKU ya wiki moja uone.

SWALI: Fundi naandika nikiwa na majonzi. Nina vifaranga 50 wa wiki moja, nimesoma kwamba LED inabana matumizi nikatoa globu mbili za wati 100 bandani nikaweka LED mbili zenye mwanga mkali kuliko hata zile. Usiku wa pili nimekuta saba wamekufa, wengine wamelaliana kona moja. Je mwanga wa LED una sumu? (Mfugaji mdogo, Morogoro)

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hauna sumu. Hao vifaranga wamekufa kwa baridi.

Globu ni kitu cha ajabu kidogo, tunaiita taa lakini ukweli ni jiko dogo linalotoa mwanga kwa bahati. Umeme mwingi unaoingia mule unatoka kama joto, mwanga ni sehemu ndogo tu, ndio maana ukiigusa inakuunguza vidole. Kwenye nyumba hiyo ni hasara, na ndio hasara yote tuliyokuwa tunaipigia mahesabu huko juu. Kwenye banda la vifaranga ndio ulichokuwa unakilipia. Wewe ulikuwa na wati 200 za joto, ukatoa, ukaweka kitu chenye mwanga mzuri ambacho joto lake halimfikii kifaranga.

Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi kama 32 mpaka 35, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Morogoro usiku haifiki huko hata mwezi wa pili. Rudisha globu zako mbili usiku huu huu, zining'inize zisiguse maranda maana zinaweza kuwasha moto, na zungushia boksi au magunia upepo usipite chini. Kama ni chungu cha mkaa acha tundu juu hewa itembee, gesi ya mkaa itakumalizia waliobaki.

Kipimajoto kama huna, wao wenyewe ni kipimajoto. Wakijazana chini ya globu wanaona baridi, ishushe kidogo. Wakikimbilia pembeni wamefungua midomo ni joto, ipandishe. Wakilala wametawanyika kila mmoja na sehemu yake hapo umepatia. LED zako weka kabatini, wakifika wiki ya nne hivi wameota manyoya utazifunga, hapo watakuwa wanahitaji mwanga tu wa kuona chakula.

Ukishazirudisha kaa nao kama nusu saa uwaangalie wanavyojipanga, halafu niandikie kesho asubuhi umewahesabu wangapi.